Nataka Taka Yangu

Hospitali nzima ilimwita Sista Barafu. Wageni walidhani ni kwa sababu hacheki. Si kweli, anacheka, tena kwa sauti ya kuamsha wodi. Jina lilitokana na friza. Mwisho wa korido ya upasuaji, kati ya stoo ya mashuka na chumba cha kunawia mikono, ilisimama friza ndefu nyeupe yenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Sista Barafu, kamba moja na kitambulisho cha kazi. Ndani hamkuwa na dawa wala damu. Mlikuwa na mifupa.

Mifupa ya watu, ndiyo, na wengi wa watu hao walikuwa hai, wanatembea mjini. Mtu akija na nyonga iliyosagika hata kupanda ngazi ni mateso, daktari wa mifupa humwekea nyonga ya chuma. Kile kichwa cha mfupa wa paja kinachotolewa, cha mviringo, ukubwa wa limau, hakina tena pa kwenda. Sista Barafu hukitia katika chupa mbili, moja ndani ya nyingine, hubandika namba, na kuchukua damu ya mwenyewe ipimwe Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Baada ya miezi sita humwita tena, damu ipimwe upya. Ikitoka safi mara zote mbili, mfupa unakaa kumsubiri mwenye shida: mtu ambaye ajali au usaha umemla kipande cha mfupa, pakabaki pengo. Mfupa wa friza husagwa na kushindiliwa kwenye pengo hilo, na mwili wa mgonjwa huutumia kama waashi wanavyotumia jukwaa la mbao. Hupanda juu yake, hujenga mfupa wake mwenyewe, kisha polepole hulibomoa jukwaa.

Kazi hiyo hakuna aliyempa. Aliianza kwa hasira.

Miaka tisa nyuma, siku moja, asubuhi moja, alikuwa akihudumu katika vyumba vyote viwili vya upasuaji. Chumba namba moja walimwekea mzee nyonga mpya, na kichwa cha paja lake, kizima upande mmoja, kikadondoshwa kwenye ndoo nyekundu: dung. Chumba namba mbili walimkata mguu mwanamke aliyekuwa akibeba mizigo sokoni, kwa sababu muundi wake ulikuwa na pengo na hapakuwa na mfupa wa kulijaza. Ukuta mmoja tu katikati. Sista Barafu alibeba ndoo ya chumba namba moja kwa mkono wa kulia, ndoo ya chumba namba mbili kwa mkono wa kushoto, akazipeleka zote mbili kwenye tanuri la kuchomea taka. Aliporudi alimwambia daktari, "Leo tumechoma mguu wa mtu pamoja na dawa yake."

Ikamchukua miaka mitatu kuipata friza. Alikuwa ameiona imeachwa nyuma ya maabara, imejaa vumbi, mlango haufungi. Akamleta shemeji yake, fundi wa mafriji, akaitengeneza huku akilalamika kwamba familia hii haina mtu wa kawaida. Tangu hapo friza haikuzimika, na Sista Barafu alikisoma kipimajoto chake asubuhi na jioni kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso.

Sasa ikawa Jumatano moja, friza ina mifupa sita, na Katibu wa hospitali akamwita ofisini.

Katibu alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, kila moja na rangi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na mtu wa karatasi akiogopa, huogopa vibaya.

"Sista, wakaguzi wanakuja wiki ijayo," alisema. "Una taka ndani ya friza."

"Taka gani?"

"Mifupa. Sheria ya hospitali inasema taka za upasuaji hazikai zaidi ya siku mbili. Wewe unazo za mwaka mzima."

"Bwana Katibu, ile si taka. Ile ni benki ya mifupa. Wenyewe wameitoa kwa hiari."

Katibu akafungua jalada, akatoa fomu, akaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja. Ilikuwa fomu mpya, aliyoitunga yeye mwenyewe mwaka uliopita. Katikati iliandikwa: Kiungo kilichotolewa. Chini yake visanduku viwili. Kimoja: Taka. Kingine: Hifadhi. Alama ya vyema, kubwa, yenye mkia mrefu, ilikaa katikati ya Taka. Na saini iliyo chini Sista Barafu aliifahamu kuliko ya mtu yeyote duniani. Ilikuwa ya mama yake mzazi.

Katibu akasukuma ya pili. Taka. Ya tatu. Taka.

"Wenyewe wametamka," alisema Katibu. "Tena kwa saini. Ijumaa saa nne asubuhi yote iende kwenye tanuri. Na ufunguo niachie hapa."

Sista Barafu alishika kamba shingoni. "Ufunguo siachi."

"Umesema?"

"Umesikia."

Alitoka bila kufunga mlango. Koridoni miguu ilimpeleka yenyewe wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, kwa sababu huko ndiko Ijumaa ilikokuwa na uso.

Pale alilala fundi bomba mmoja, kijana wa miaka ishirini na saba. Geti la chuma lilimwangukia muundini, kidonda kikaingia usaha, usaha ukala mfupa. Mara ya kwanza daktari alikwangua mfupa wa nyonga yake mwenyewe akajazia; usaha ukaula na huo. Mara ya pili daktari alikata chote kilichooza, pengo la upana wa vidole vinne, akaliziba kwa saruji yenye dawa, akasubiri wiki saba. Usaha ulikuwa umekauka. Saruji sasa ilipaswa kutoka na mfupa kuingia, Jumatatu, siku ambayo mashine ya kuchemshia vifaa ingerudi kutoka matengenezo. Wa kwake uliobaki nyongani haukutosha hata nusu. Ilihitajika mifupa miwili ya friza. Isipopatikana, daktari alishamweleza wazi, bila kumzungusha: mguu utakatwa chini ya goti.

"Sista, soketi yangu haijambo?" aliuliza fundi. Tangu alipoelezwa habari ya pengo, aliuita mfupa wa friza soketi, kile kiungo cha kuunganishia bomba mbili. Wodi nzima ikamgeuzia jina likawa lake.

"Haijambo."

"Mbona unaitikia kama mtu aliyeipoteza?"

"Lala, Soketi."

"Mimi nimelala miezi saba. Sikia, wakisema wakate, waambie waje kwanza niwazibie mabomba yote ya hospitali hii yanayovuja. Nikimaliza ndiyo wakate. Hawatakata kamwe."

Alicheka peke yake. Sista Barafu alimnyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

Sista Barafu alimkuta daktari wa mifupa akinywa chai akiwa amesimama. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akasugua macho. "Nitaandika barua kwa bodi," alisema.

"Bodi inakaa lini?"

"Mwezi ujao."

"Na mguu utakaa mpaka lini?"

"Sista, mimi niko hapa mwaka wa kumi na sita. Nimezoea kuomba."

"Basi endelea kuzoea, daktari. Mimi sitazoea."

Nyumbani jioni alimkuta mama yake sebuleni, mguu wenye nyonga ya chuma umenyooshwa juu ya stuli, anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Ni mwanamke mfupi, mkavu, aliyewahi kuuza vitambaa, na ulimi wake bado ulikata kama mkasi wa dukani. Sista Barafu hakuvua hata viatu.

"Mama, ile fomu ya siku ya nyonga. Kwa nini uliweka alama kwenye taka?"

"Si uliniuliza?"

"Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza, mama, unataka kutoa mfupa wako wamsaidie mtu? Nikakujibu nataka. Ukanipa karatasi. Nikaangalia, nikaona Taka. Nikaweka vyema. Tena vyema kubwa, usije ukasema sijasikia."

Sista Barafu alikaa kwenye mkono wa kochi. "Taka, mama. Taka kama za jaani."

Mama aliacha kukunja. "Nani anaandika uchafu kwenye karatasi ya mgonjwa? Mimi nikajua ni haraka za ofisini, wamekata neno. Unataka? Taka."

"Na Hifadhi hukuiona?"

"Niliiona. Nikadhani ni ya wale wachoyo, wanaotaka wahifadhiwe mifupa yao waende nayo nyumbani."

Sista Barafu aliangua kicheko, kile cha kuamsha wodi, kisha katikati kikageuka na macho yakajaa. Maana aliona sasa. Aliwauliza wote kwa maneno yale yale. Unataka? Nataka. Akawapa fomu, akageuka kuandika namba kwenye chupa za damu, na fomu ikaenda zake masjala bila yeye kuitupia jicho. Miaka sita alijivunia kwamba hakosei namba hata moja. Namba hakukosea. Alikosea neno.

"Kosa ni langu, mama."

"Ni lako, ndiyo. Sasa utakaa hapo ulilie kosa, au utanyanyuka?" Mama alimtupia taulo lililokunjwa. "Futa uso. Niletee simu na hilo daftari lako la majina."

Alhamisi yote Sista Barafu alipiga simu, chakula cha mchana akakisahau. Wenye mifupa walikuwa sita. Mama yake, mmoja. Mwalimu mstaafu wa hisabati, wa pili. Dereva wa lori aliyestaafu baada ya nyonga kumkatalia klachi, wa tatu. Dada wawili washonaji waliofanyiwa upasuaji mwaka mmoja, wa nne na wa tano. Wa sita alikuwa dobi, na dobi alikuwa amekwisha fariki miezi miwili nyuma kwa shinikizo la damu. Simu yake ilipokelewa na mkewe. Sista Barafu alimpa pole, akamweleza kila kitu, akamwambia asijisumbue, maana marehemu hawezi kusaini tena.

"Ijumaa saa ngapi?" aliuliza mjane.

"Saa nne, mama. Lakini..."

Simu ilishakatwa.

Ijumaa saa tatu na nusu korido ya utawala ilianza kugonga. Ko, ko, ko. Fimbo, mikongojo, na kigari cha kuegemea cha mshonaji mkubwa kilichokuwa kikilia gurudumu. Karani wa mapokezi alisimama. "Wazee wangu, kliniki ya mifupa iko upande ule."

"Hatujaja kliniki," alisema dereva wa lori. "Tumefuata mizigo yetu."

Katibu alitoka na kikombe mkononi. Nyuma yake walisimama wafagizi wawili na toroli ya tanuri, tayari. Sista Barafu alikuwa ameegemea mlango wa ofisi, mkono kwenye kamba ya shingo.

"Kuna nini hapa?"

Mama yake Sista Barafu akasogea mbele, fimbo kwanza. "Mwanangu, shikamoo sikupi kwa sababu mimi mkubwa. Wewe ndiye mwenye ile karatasi ya taka?"

"Marahaba... yaani, shikamoo mama. Ndiyo mimi."

"Mimi nataka taka yangu."

"Samahani?"

"Mfupa wangu. Umesema ni taka. Sawa. Nataka taka yangu. Nipe nikaitupe mwenyewe, jaa la kwangu nalijua."

"Na mimi nataka yangu," alisema mshonaji mkubwa.

"Na mimi, tusije tukabadilishiwa," alisema mdogo wake. "Huyu mifupa yake mikubwa."

Katibu aliweka kikombe juu ya kaunta ya karani. "Wazee wangu, haiwezekani. Taka za upasuaji haziruhusiwi kutoka nje ya geti."

Mwalimu mstaafu alinyoosha kidole kama yuko ubaoni. "Twende hatua kwa hatua. Kitu ambacho mtu amekitupa, kina mwenyewe?"

"Hakina."

"Sisi hapa ni nani?"

Katibu aligusa kalamu zake mfukoni.

"Jibu, usiogope. Ukikosea utarudia."

"Mwalimu, mlisaini. Sikusaini mimi. Mliweka vyema kwenye Taka."

"Tuliulizwa tunataka, tukasema tunataka!" Mama wa Sista Barafu aligonga fimbo. "Wewe ulipokuwa mdogo, mama yako akikuuliza unataka maziwa, ukimjibu taka, taka, alikumwagia jaani?"

Mfagizi mmoja alijigeuza ukutani, mabega yakimtikisika. Sista Barafu akatoka mlangoni, akasimama kati ya mama yake na Katibu.

"Bwana Katibu, kosa la kutosoma fomu ni langu, liandike kwangu. Niliwauliza kwa neno moja, karatasi yako ikawauliza kwa neno jingine, na mimi sikuangalia. Lakini mimi sitachoma miguu ya watu kwa sababu ya herufi mbili zilizokatika. Kuna kijana wodini anasubiri mifupa hii Jumatatu. Leta fomu nyingine wasaini sasa hivi, hapa, mbele yako. Au niite huyo kijana abebwe na kitanda chake, umwambie mwenyewe kwamba dawa yake imekosa tahajia."

Katibu alitazama saa, akawatazama wafagizi, akazitazama fimbo. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na akaupata.

"Walio hai wanaweza kusaini upya," alisema polepole. "Walio hai. Lakini nina orodha ya mifupa sita, na watu hapa ni watano wenye mifupa. Wa sita ni marehemu. Marehemu alitamka taka, na hawezi kubadili. Ule mmoja utachomwa. Na wakaguzi nitawaonyesha kwamba sheria imefuatwa."

Ndipo mwanamke mmoja, aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi la ukutani muda wote, akafungua mkoba wake. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua. Mikunjo yake ilikuwa imenyooka kama ya kola.

"Mume wangu alikuwa dobi," alisema. "Miaka arobaini watu wamemwachia nguo zao, akawaandikia stakabadhi. Hakuwahi kutoka ofisi ya mtu bila nakala yake. Hii aliipiga pasi mwenyewe."

Katibu aliipokea. Kiungo kilichotolewa. Taka: patupu. Hifadhi: vyema ndogo, safi.

"Nilimuuliza kwa nini ameweka pale," mjane aliendelea, sauti yake haikupanda. "Akaniambia, mimi najua maana ya kuhifadhi. Ni kukitunza kitu cha mwenzio mpaka akihitaji. Wewe ukasema wote walitamka taka. Uliisoma yake?"

Katibu alifungua jalada lake. Aligeuza moja, ya pili, ya tatu. Ya nne. Ya tano. Mkono ukasimama kwenye ya sita. Ilikuwepo, pale pale, na ile vyema ndogo. Hakuwa ameisoma. Alikuwa amesoma tatu za juu, za chini akazihesabu tu.

Hakuna aliyezomea. Dereva wa lori tu alisema, kwa upole kabisa, "Rivasi, bwana mkubwa. Taratibu. Huku nyuma pana nafasi."

Wafagizi waligeuza toroli bila kuambiwa. Karani akaleta fomu tano na kalamu. Sista Barafu alizipokea, na kabla ya kumpa yeyote alipitisha mstari mnene juu ya neno Taka, tano zote, akaandika pembeni kwa mkono: Natoa. Kisha akamsomea kila mmoja kwa sauti, neno kwa neno, na safari hii hakugeuka kuandika namba.

Barua ya onyo ilimfikia saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo. Kwa kukaidi amri ya utawala, na kwa kuharibu nyaraka za hospitali kwa kalamu. Nakala: jalada la mtumishi. Aliisoma mara mbili, akachukua plasta, akaibandika kwenye mlango wa friza, juu ya kipimajoto, mahali ambapo kila mtu wa upasuaji angeiona akinawa mikono. Daktari aliisoma Jumatatu, sabuni ikimtiririka viwikoni.

"Hii utaibandua wakaguzi wakija?"

"Hii ndiyo nataka waanze nayo."

Daktari alinawa zaidi ya kawaida siku hiyo. "Ile barua ya bodi niliiandika," alisema bila kugeuka. "Nimesema fomu ibadilishwe, na nimesaini kwamba uamuzi wako niliuunga mkono. Wakikuonya wewe, wanionye na mimi."

Mifupa miwili iliyeyushwa, ikaoshwa, ikasagwa kwenye kinu kidogo cha chuma hadi ikawa chembe kama za chumvi ya mawe. Daktari aliitoa saruji, akachanganya chembe hizo na kile kidogo cha fundi mwenyewe, akashindilia pengo la vidole vinne hadi pakajaa. Namba mbili ziliingizwa kwenye daftari. Nani alimpa nani, kanuni inasema mgonjwa haambiwi, na Sista Barafu, aliyekaidi kila kitu kingine, hiyo hakuikaidi.

Miezi minane baadaye, picha ya eksirei ilionyesha daraja jeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Siku hiyo ya kliniki, mabenchi yalikuwa yamejaa. Mama yake Sista Barafu alifika kwa ajili ya nyonga ya pili, fimbo mkononi, ananung'unika juu ya ngazi. Kijana mmoja akanyanyuka kumpisha.

"Kaa wewe, mgonjwa," mama alimwambia. "Huo mkongojo wako nimeuona."

"Mama, kaa tu. Daktari kaniamuru nisimame. Soketi inataka kazi."

"Soketi gani?"

Kijana akajipiga kidogo muundini. "Hii. Sijui alinipa nani, lakini alikuwa mtu mgumu. Haivuji hata tone."

Mama alimtazama mguu, akamtazama usoni, akakaa. "Basi usimame vizuri," alisema. "Usiuaibishe mguu wa watu."

Sista Barafu alikuwa mlangoni na fomu mkononi. Alijitazama vidole vya miguu hadi uso ukamtulia. Ndipo akamfikia mama yake, akampa fomu na kalamu. Mama aliisogeza mbali na macho, akaisoma kuanzia juu hadi chini, akarudi juu.

"Taka iko wapi?"

"Imefutwa, mama. Hospitali nzima."

"Afadhali," alisema, akaweka vyema kwenye Natoa, kubwa, yenye mkia mrefu hadi ukingoni mwa karatasi.